Kopo Nililolidai Mbele ya Darasa

Walimu wangu wapya wa Kiingereza, mliniandikia mkitaka niwaeleze nilivyofundisha my na mine kwa miaka thelathini na miwili bila watoto kunisinzilia. Nadhani mlitarajia maandalizi ya somo: malengo, vifaa, zoezi la kumalizia. Nitawapa mbinu yangu yote, lakini ndani yake mna siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho. Siwezi kuwapa mbinu nikawaficha siku hiyo. Nitakuwa nimewapa kisu nikaficha upande unaokata.

Nilifundisha Baba Dogo, shule ya umma iliyopakana na kiwanda cha sabuni. Ukuta wetu wa nyuma ndio ukuta wao wa mbele. Wazazi wengi walikuwa vibarua wa viwandani, na wengine walifua nguo za watu au kuuza mboga kando ya barabara. Watoto walikuja wakinukia sabuni hata ambao hawakuoga, na mimi niliacha zamani kuwakagua kwa pua.

Tuanze na somo lenyewe, maana ndilo mlilouliza. Taabu yetu inaanzia nyumbani. Kiswahili husema kitabu changu, kisha husema kitabu hiki ni changu, na neno ni lile lile. Kiingereza hakitaki hivyo. My ni kivumishi cha kumiliki, na lazima nomino ikifuate: my book, my shoe. Ukikiacha peke yake, sentensi inabaki mdomo wazi. Mine ni kiwakilishi cha kumiliki, na nomino imeshamezwa humo, hutakiwi kuitaja tena. Kwa hiyo mtoto wetu atasema "This book is my" na "This is mine book" kwa pumzi moja, na usimchape, kwa sababu anafuata lugha ya mama yake.

Wengine wote wanakwenda kwa mpango huo: your na yours, her na hers, our na ours, their na theirs. His ndiye mjanja, habadiliki akitangulia nomino wala akikaa mwisho. Its mwacheni abaki na nomino yake, msimlazimishe kusimama peke yake. Na tafadhali, hizo za kusimama peke yake hazina koma ya juu. Nimeona her's na your's kwenye mabango ya saluni, kwenye kadi za harusi, na mara moja kwenye barua ya kuniita kwenye semina ya sarufi. Nilihudhuria hiyo semina, nikanywa chai yao, nikanyamaza.

Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha kwa jedwali ubaoni. Watoto waliimba my mine, your yours, her hers hadi wale wa kiwandani wakaizoea sauti yetu. Niliona nimefika. Kisha nikatoka uwanjani, nikakuta wanagombania mpira wa matambara, na kila mmoja anapiga kelele: "Ball is my! Ball is my!"

Aliyeniokoa ni Mwalimu Gathoni, mama wa Pumwani, mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Alikuwa amebakiza miaka michache astaafu, na meza zetu zilipakana katika chumba cha walimu. Nilipomsimulia habari ya mpira alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nafula, hao wanaimba," akasema. "Kuimba sio kujua. Mtoto atasema mine siku atakayokuwa na kitu cha kudai. Wewe unawapa maneno bila vitu."

Ijumaa iliyofuata alikuja na kiondo chake, kikapu cha kufumwa, darasani kwangu, akanifundisha mbinu ambayo niliitumia mpaka nikastaafu. Kila mtoto anatia kitu chake kimoja ndani ya kiondo: rula, kifutio, kipande cha mahindi, chochote. Mwalimu anatoa kitu kimoja, anakiinua juu, na darasa zima linauliza, "Whose is it? Whose is it?" Mwenyewe anasimama: "It's mine. It's my ruler." Kisha wote wanampokea: "It's hers. It's her ruler." Anakwenda mbele, anachukua chake, anarudi kukaa. Mnaona kazi ilivyofanyika? Mine haihitaji kutaja rula kwa sababu rula wote wanaiona. Mtoto haambiwi kanuni, anaiona ikining'inia mkononi mwa mwalimu.

Watoto waliipenda Ijumaa kuliko uji. Mmoja aliwahi kutia jino lake lililong'oka asubuhi ile. "It's mine," akasema kwa fahari, akionyesha pengo, na hakuna aliyembishia.

Lakini Gathoni alikuwa na sharti moja, na alinirudishia mara tatu siku ile ya kwanza. Kitu kiingie kwenye kiondo kwa mkono wa mwenyewe. Mwalimu asichague, asichukue kwenye dawati, na kamwe asitie mkono kwenye mkoba wa mtoto.

Nilimuuliza kwa nini anasisitiza vile, kwani rula ni rula.

"Hawa watoto wanaishi chumba kimoja watu saba," akasema. "Hakuna kabati, hakuna droo, hata kitanda ni cha zamu. Mkoba ndio chumba cha huyu mtoto. Wewe ungependa mtu aingie chumbani kwako bila kubisha?"

Nilisema nimeelewa. Na kweli nilielewa, kwa zaidi ya miaka ishirini. Gathoni akastaafu, mtaala ukabadilika, Darasa la Nne likaitwa Gredi ya Nne, wakaja na vishikwambi ambavyo vilifungiwa kabatini kwa kukosa mahali pa kuvichajia, na mimi na kiondo tukaendelea.

Sasa niwapeleke kwenye Ijumaa yenyewe. Mtoto mnayemkuta hapa nimembadilisha jina, tumwite Njoki. Sasa ni msichana mkubwa, na sikuandika neno hata moja kabla ya kumwomba ruhusa.

Ilikuwa siku ya kufunga shule kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Wangetoka saa tisa na nusu, na hawangerudi mpaka Jumatano. Siku hiyo hiyo mkaguzi kutoka ofisi ya elimu alikuwa aje kuniona nikifundisha. Nilikuwa nimekaa daraja lile lile la kazi kwa miaka mingi, wenzangu wadogo wakinipita, na niliambiwa wazi kwamba ripoti yake ndiyo itakayonipandisha au kunibakiza. Aliahidi kufika saa sita. Akafika saa nne na nusu, watoto wakiwa nje kwenye mapumziko, nami kiondo kitupu mkononi.

Nilishikwa na hofu, na hofu ile ilikuwa ya kujipenda. Niliona watoto wakirudi watachukua dakika kumi kutia vitu, kusukumana na kupiga kelele, huku yule bwana akiandika. Darasa lilikuwa tupu. Mikoba ilikuwa imepangwa chini ya madawati. Nikainama.

Nilitia mkono kwenye mikoba ya safu mbili za nyuma, kama ishirini hivi, haraka haraka, bila kuangalia. Kilichogusa vidole nilikitoa: penseli, chanuo, soksi, kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Sikujua hata kipi kimetoka wapi. Kengele ilipolia, kiondo kilikuwa kimejaa na mimi nimesimama mbele nikitabasamu.

Somo lilianza vizuri ajabu. Mkaguzi alikaa nyuma, miguu imekunjwa, kalamu tayari. Penseli ilitoka, ikadaiwa. Chanuo kikadaiwa. Mwenye soksi aliona haya kidogo, darasa likacheka, akaidai pia. Niliwaona wengine wakitazamana kwa mshangao, kwani hawakukumbuka kutia kitu, lakini mtoto humwamini mwalimu wake, wakaona labda ni mchezo mpya.

Kisha nikatoa lile kopo. Nikaliinua juu.

"Whose is it? Whose is it?"

Hakuna aliyesimama. Nilidhani mwenyewe anaona haya, mafuta yenyewe ni ya bei rahisi. Nikataka kumrahisishia, nikafungua kifuniko nione kama kuna jina. Ndani hamkuwa na mafuta. Kulikuwa na pamba, imeshindiliwa kwa ustadi ili kisisikike kitu kikicheza, na chini ya pamba kulikuwa na vidonge.

Nilivijua. Dada yangu alimeza vidonge vya namna ile kwa miaka mingi, nami ndiye niliyekaa naye mwanzoni alipokuwa akijifunza kuvikubali. Nilijua vinamezwa saa ile ile kila siku bila kukosa. Nilijua pia kwa nini mtu anavitoa kwenye chupa yenye lebo na kuvificha kwenye kopo la mafuta, na kwa nini anatia pamba. Hizo zilikuwa dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, na mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka kumi, ameketi mbele yangu kati ya watoto hamsini na wanane.

Kipande cha pamba kikaanguka sakafuni. Mvulana wa safu ya mbele akarefusha shingo.

"Teacher, hiyo si mafuta! Ni madawa!"

"Wacha nione," mwingine akasema. "Mi nazijua hizo. Kuna msee, jirani wa ploti yetu, humeza hizo."

"Ni za nani?"

Na darasa likaendelea na wimbo wake, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha wasiache mpaka mwenyewe asimame. "Whose is it? Whose is it?" Waliigonga kwa viganja juu ya madawati. Wengine walianza kugeuka na kuangaliana, wakimtafuta. Mkaguzi aliacha kuandika, akanitazama. Nilijua kwamba ndani ya dakika moja mtu ataonyesha mtu kidole, kwa haki au kwa uongo, na mtoto huyo hatakaa tena na wenzake, hatakunywa uji kwenye kikombe cha shule, na huenda asirudi shule yetu tena. Nami ndiye niliyekiinua kile kitu juu ili wote waone.

Nikasema, "It's mine."

Viganja vikanyamaza.

"It's my tin," nikasema. "Nililiweka nipate mfano. The tin is mine. Haya, tuseme wote."

Nao, watoto wangu watiifu, wakavuta pumzi wakasema kwa sauti moja: "It's hers. It's her tin."

Nikafunga kifuniko, nikatia kopo kwenye mfuko wa sketi, nikatoa kifutio. Sijui nilifundisha nini baada ya hapo. Mkaguzi aliandika kwamba mwalimu hutumia hata vitu vyake binafsi kufanikisha somo, akanipa mkono, akaenda zake.

Niwaambie kwanza yaliyofuata baadaye, kwa sababu ndiyo yasiyouma sana. Watoto walikwenda nyumbani wakasimulia. Tulipofungua, kikombe changu katika chumba cha walimu kilikuwa kimehamishiwa rafu yake chenyewe. Nilidhani ni mtu amesahau. Wiki ya pili nikajua. Akina mama watatu walikwenda kwa mwalimu mkuu, akaniita mbele yao.

"Hatusemi vibaya, Mwalimu," mmoja akasema. "Tunataka tu kujua kama uko sawa. Watoto wetu uko nao siku nzima."

Mwalimu mkuu alisubiri watoke. "Nafula, sema tu kopo lilikuwa la mtoto gani," akasema. "Wewe utakuwa huru, na mimi nitajua pa kuanzia."

Ningeweza kusema. Wakati huo nilikuwa nimeshamjua mwenyewe. Na nitawaambia kweli, kuna jioni nilitamani kusema, hasa jirani yangu alipoacha kuniomba chumvi. Nilimjibu mwalimu mkuu kwamba nilishasema ni langu mbele ya watu hamsini na wanane, sina la kuongeza. Nilikasirika kwa mwaka mzima, na sehemu kubwa ya hasira ile nilijielekezea mimi mwenyewe. Daraja nilipandishwa, mkitaka kujua. Sikulifurahia.

Lakini hayo yalikuwa yangu, nami ni mtu mzima. Turudi mchana ule, kopo likiwa mfukoni mwangu.

Hapo ndipo nilipogundua nilichofanya. Nilikuwa nimemficha mtoto, na papo hapo nimemnyang'anya dawa yake. Kama aliileta shuleni, ni kwa sababu anakwenda mahali moja kwa moja kutoka shule, kwa shangazi au ushago, kijijini kwao, na hatapita nyumbani. Angekaa siku tano bila dawa. Dada yangu alikosa siku kadhaa mara moja, na najua tulirudi hospitalini namna gani. Saa ya darasani ilisema saa saba kasoro. Sikujua ni mtoto yupi.

Na sikuweza kuuliza. Maisha yangu yote kazi yangu ilikuwa kuuliza kitu hiki ni cha nani, na sasa swali lile ndilo pekee lililokatazwa.

Nilianza na ujanja wa mwalimu. Nilisema vitu vilivyobaki kwenye kiondo viko mezani, kila mtu achukue chake. Nikakaa kando kuona nani hatakuja. Hawakuja watoto zaidi ya arobaini, kwa sababu sikuwa nimechukua vya wote, na hata katika safu zile mbili kulikuwa na mikoba ambayo mkono wangu ulitoka mtupu. Nikawapa zoezi la sentensi tano kuhusu vitu walivyoleta leo, nikapita nyuma yao nikisoma mabegani. My pencil. My sock. This mandazi is mine but he eat it. Hakuna aliyeandika kuhusu kopo. Nikatazama nyuso. Nilitafuta aliyelia, aliye na wasiwasi, anayeangalia mfuko wangu. Wote walikuwa wakinitazama mfukoni. Mtoto aliyefundishwa kuficha tangu akiwa mdogo huficha vizuri kuliko sisi, na nilimheshimu kwa hilo huku nikitamani akosee kidogo tu.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, huenda yeye aliambiwa na mzazi kwa siri. Alikuwa mkutanoni mjini na simu yake imezimwa. Saa nane na nusu nikampigia Mwalimu Gathoni. Alikuwa mzee sana kufikia hapo, akiishi kwa mwanawe Pumwani. Nilimweleza nikinong'ona nyuma ya choo cha walimu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitia mkono," akasema.

"Nilitia."

"Sasa unamtafuta ili ufanye nini? Umvute kando wenzake wakiona?"

"Mwalimu, atakwenda bila dawa!"

"Najua. Kwa hivyo wacha kumtafuta. Jiweke mahali anaweza kukupata, peke yako, na ajue utakuwa hapo. Lakini kwanza waombe msamaha. Wote. Mtoto hawezi kuja kwa mtu ambaye hajakubali kosa."

Basi saa tisa na dakika ishirini, mikoba ikiwa migongoni, nikasimama mbele yao. Hakuna mkaguzi aliyenitisha kama macho yale. Niliwaambia kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka aelewe hata wa mwisho, kwamba leo nilitia mkono kwenye mikoba yao bila ruhusa, kwamba halikuwa jambo zuri, na kwamba naomba msamaha. Nikasema nitakuwa hapa darasani nikisahihisha, peke yangu, mlango umefungwa lakini haujatiwa komeo, mpaka giza liingie. Mwenye neno na mimi aje. Kama hawezi leo, kesho Jumamosi pia nitakuwepo, na Jumapili.

"Ama unataka kutugombeza?" mmoja akauliza.

"Nyinyi ndio mje kunigombeza," nikasema. Wakacheka, wakatoka mbio.

Nikakaa. Saa kumi. Niliweka kopo ndani ya droo, nikaona droo ni mbali, nikalirudisha mfukoni. Saa kumi na nusu upepo uligonga mlango nikaruka. Nilisahihisha daftari moja mara tatu. Nilijiuliza kama gari lake limeshaondoka na sasa yuko barabarani, akipapasa mkoba, akijua hakuna kitu, na hawezi hata kumwambia aliyeketi naye. Nililia kidogo, siwafichi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini mlango ukafunguliwa. Alikuwa Wafula, soja wa shule, na funguo zake.

"Mwalimu, nafunga. Hata wa jikoni wameenda."

"Nipe muda kidogo, ndugu yangu."

"Na kuna shosho pale geti. Anangoja mjukuu wake tangu saa tisa, wanafaa kuenda Nyeri. Mimi nimemwambia watoto waliisha. Anasema Njoki hajatoka."

Njoki alikuwa wa safu ya nyuma kabisa, karibu na ukuta wa kiwanda. Mtoto wa maneno machache, mwandiko mzuri, hakuwahi kukosa sentensi. Nilisimama, mkono tayari mfukoni. Getini ni hatua mia moja tu. Ningempa bibi yake kopo, nikamaliza, nikapumua.

Nilifika mlangoni nikasimama. Kama si lake, nitakuwa nimemfichua mtoto mwingine mbele ya mtu asiyemjua. Na kama ni lake, nitakuwa nimechukua kitu chake mara ya pili nikakipeleka ninapotaka mimi, bila kumuuliza. Nikamwambia Wafula ampe shosho kiti na amwambie mtoto hajapotea. Akaenda akinung'unika. Mimi nikarudi kukaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko kukaa kwenye kile kiti.

Dakika zikapita, labda kumi. Kisha Njoki akaingia, akafunga mlango nyuma yake. Sketi yake ilikuwa na chokaa ya ukuta. Alikuwa amejificha nyuma ya vyoo kwa zaidi ya saa mbili, akingoja mpaka hata soja asiwepo dirishani.

Sikusema jina lake. Nilitoa kopo, nikaliweka mezani, nikaondoa mkono wangu.

Hakulichukua mara moja. Alinitazama, na macho yake yalikuwa makavu, yamejaa hasira kuliko nilivyodhani mtoto wa umri ule anaweza kubeba.

"Ulitoa kwa begi yangu," akasema.

"Ndiyo."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nilikosa, Njoki. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisogea, akafungua kifuniko, akahesabu kwa kidole kimoja huku midomo ikicheza. Nilisogeza kile kipande cha pamba nilichokiokota sakafuni. Akakishindilia juu, akatikisa kopo sikioni mwake kuhakikisha halisikiki, na namna alivyolitikisa kwa mazoea ilinikata maini. Nilimuuliza kama angependa nimfungulie mkoba.

"Hapana," akasema. Akaufungua mwenyewe, akalitia chini kabisa, akavuta zipu mpaka mwisho.

Alifika mlangoni, akageuka.

"Teacher, usiseme tena ni yako," akasema. "Watakucheka."

"Wacha wanicheke. Wewe je?"

Alishika kitasa.

"Mimi hawajui," akasema, akatoka kwenda kwa bibi yake.

Na mpaka alipomaliza masomo katika shule yetu, hawakujua.